Mwongozo wa Kutotolesha Nyumbani Mayai ya Reptilia wa Kufugwa

Mayai ya reptilia yanapoharibika mikononi mwa mfugaji wa nyumbani, sababu mara nyingi si ugumu wa kazi. Sababu ni kwamba mfugaji alianza kutafuta chombo, kipimajoto na mahali pa kuyaweka baada ya kuyakuta yamekwisha kutagwa, na kisha, kwa hofu ya kuyapoteza, akawa anayashika, anayageuza na kuyanyunyizia maji kila siku. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mjusi, nyoka, kinyonga au kobe wa kufugwa, anayetaka kuyatotolesha mayai kwa vifaa vya kawaida. Unafuata mtiririko wa kazi yenyewe, tangu jike akiwa na mimba hadi watoto wanapoanza kula, na sehemu kubwa ya maelezo yake inahusu mambo ya kufanya kabla yai la kwanza halijaonekana.

Hatua ya kwanza: Amua kama mayai yatotoleshwe

Swali hili kwa kawaida huulizwa kwa kuchelewa, ilhali ndilo linalostahili kujibiwa mapema kuliko yote. Nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus) anaweza kutaga mayai 10 hadi 30 kwa mkupuo mmoja. Mjusi ndevu (Pogona vitticeps) hutaga kiasi cha 20 na anaweza kurudia mara kadhaa katika msimu mmoja. Kinyonga wa Yemeni (Chamaeleo calyptratus) huweza kupita mayai 50. Kila mtoto atakayetoka atahitaji joto lake, mwanga wake na chakula kinachoenea mdomoni mwake, na wengi wao hawakai pamoja kwa muda mrefu bila kuumana vidole na mikia. Mfugaji ambaye hana nafasi, wala hajazungumza na watu wa kuaminika watakaowachukua, anatenda kwa huruma zaidi akiyagandisha mayai kwenye friza siku ileile yanapotagwa kuliko akiangua viumbe ambao hataweza kuwatunza.

Suala la sheria nalo lisiachwe kando. Mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, unasimamia biashara ya kimataifa ya spishi zilizoorodheshwa, na orodha hizo zina kobe wote wa nchi kavu, chatu wote na vinyonga wa kufugwa karibu wote. Juu ya mkataba huo kila nchi ina sheria zake za vibali vya kufuga, kuzalisha na kuuza. Ulizia kabla ya kupandisha wanyama, maana mtoto asiye na nyaraka huwa mzigo kwa kila atakayempokea. Mayai yanayokutwa porini yaachwe yalipo: hayahusiki na mwongozo huu.

Hatua ya pili: Mfahamu jike na mumwandalie mahali pa kutagia

Hakikisha kwanza kwamba mnyama wako ni wa kutaga. Boa wengi, kinyonga wa Jackson (Trioceros jacksonii) na mijusi wenye ulimi wa buluu wa jenasi ya Tiliqua huzaa watoto hai, na mwenye kuwafuga hana haja ya mashine ya kutotoleshea. Kwa upande mwingine, jike asiyewahi kukutana na dume anaweza kutaga, na mayai yake kwa kawaida hayatakuwa na mbegu. Jambo hili ni la kawaida kwa mjusi ndevu na kinyonga wa Yemeni. Majike wengi pia huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, hivyo kupandwa mara moja kunaweza kuleta mikupuo miwili au zaidi ya mayai yenye mbegu. Kwa hiyo usiyatupe mayai ya mkupuo wa pili kwa kudhani kwamba hayana kitu kwa kuwa dume ameshaondolewa.

Siku zinapokaribia, jike hupunguza kula au huacha kabisa, hutangatanga, na huchimbachimba pembeni mwa kizimba. Kwa mjusi mwenye ngozi nyembamba, ukimtazama tumboni kwa chini utaona umbo la mayai likijitokeza pande zote mbili. Mpe kalsiamu ya kutosha katika kipindi chote hiki, kwa kuwa ganda la yai na nguvu ya misuli ya kusukuma vyote viwili hutegemea madini hayo. Mwekee kisanduku chenye mchanganyiko wa udongo na mchanga ulio na unyevu wa kushikamana, kiasi kwamba shimo likichimbwa haliporomoki. Kwa mjusi mdogo kina cha sentimita 10 hadi 15 kinatosha. Kinyonga wa Yemeni anahitaji karibu sentimita 30, na asipozipata anaweza kuyazuia mayai tumboni. Jike anayesukuma bila kutoa kitu, aliyelegea, au aliyetaga mayai machache kisha akasita huku tumbo likiwa bado limejaa, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwa sababu mayai yaliyokwama huua.

Hatua ya tatu: Tengeneza mashine na uijaribu ikiwa tupu

Mashine za kutotoleshea mayai ya kuku ndizo zinazopatikana kwa urahisi, na wengi huzikimbilia bila kujua zimeundwa kwa kazi gani. Mayai ya kuku huhitaji karibu nyuzi 37.5 za Selisiasi na kugeuzwa mara kadhaa kwa siku. Mayai ya reptilia wengi wa kufugwa hufa katika joto hilo, na kugeuzwa ni hatari kwao. Mashine ya aina hiyo inaweza kutumika endapo tu kifaa cha kugeuza kimeondolewa, kidhibiti joto chake kinaweza kushushwa na kutulia chini ya nyuzi 32, na mayai yamewekwa ndani ya visanduku vilivyofunikwa ili feni isiyakaushe.

Mashine ya kujitengenezea ni rahisi na mara nyingi hutulia kuliko za bei nafuu zilizo sokoni. Chukua kasha la kubebea barafu, lile lenye kuta nene za povu gumu. Weka matofali mawili chini, mimina maji safi ya kina cha sentimita 8 hadi 10, na ulaze ndani ya maji hita ya tangi la samaki yenye kidhibiti chake, ikiwa imezama kabisa wakati wote. Kisanduku cha mayai hukaa juu ya matofali, juu ya usawa wa maji. Maji hayo hupasha joto polepole na hupoa polepole, na sifa hiyo ndiyo tunayoitafuta. Wengine hutumia waya au mkeka wa joto unaobandikwa ukutani mwa kasha na kuunganishwa na themostati ya nje, yaani kidhibiti joto. Njia hii ni nzuri pia, mradi chanzo cha joto kisigusane na kisanduku cha mayai, na chupa mbili tatu zilizojaa maji ziwekwe ndani ili kutuliza mabadiliko. Chomoa umeme kila unapoingiza mkono kwenye maji, na uache waya uning'inie chini ya usawa wa soketi ili matone yasitiririke hadi kwenye umeme.

Usiamini namba zilizoandikwa kwenye hita au kwenye themostati. Nunua kipimajoto cha kidijitali chenye kihisio cha waya, ikiwezekana viwili, kisha uweke vihisio hivyo katika usawa uleule yatakapolala mayai, kwa kuwa tofauti ya nyuzi mbili kati ya sakafu na mfuniko wa kasha si jambo la ajabu. Iwashe mashine ikiwa tupu kwa muda usiopungua wiki moja, ukiandika joto la juu na la chini la kila siku, mchana wakati chumba kimepata joto na alfajiri kimepoa. Mashine inayoyumba kwa zaidi ya nyuzi moja juu au chini ihamishwe hadi chumba kilichotulia zaidi, mbali na dirisha na jua, kabla ya kukabidhiwa mayai.

Hatua ya nne: Chagua joto kwa kufuata spishi

Hakuna joto moja linalofaa reptilia wote. Mayai ya nyoka wa mahindi hufanya vizuri kati ya nyuzi 27 na 29 na huanguliwa kwa siku 55 hadi 65 hivi. Chatu wa kifalme (Python regius) anataka joto zaidi, nyuzi 31 hadi 32, kwa takriban siku 55 hadi 60. Mjusi ndevu hutotoleshwa kwa nyuzi 28 hadi 30 kwa siku 55 hadi 75. Kinyonga wa Yemeni anahitaji nyuzi 26 hadi 28 na subira ya miezi sita hadi tisa, na mara nyingine zaidi, wakati mjusi-kafiri mwenye kishungi (Correlophus ciliatus) huridhika na joto la nyuzi 22 hadi 26, ambalo katika nyumba nyingi hupatikana bila mashine yoyote. Kobe wa Ulaya wa jenasi ya Testudo hutotoleshwa kati ya nyuzi 29 na 33 kwa takriban miezi miwili. Kobe chui (Stigmochelys pardalis) yuko kundi la peke yake: mayai yake yanaweza kusimama kukua kwa muda katikati ya safari na kupita miezi sita au minane, kwa hiyo mfugaji asiyejua hilo huyatupa yakiwa hai.

Kwa spishi kadhaa, joto ndilo linaloamua pia jinsia. Jambo hilo liliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 na mtafiti Charnier, aliyefanya majaribio yake Dakar kwa mayai ya mjusi Agama agama, na tangu hapo limethibitishwa kwa kobe wengi, mamba wote waliochunguzwa na baadhi ya mijusi. Kwa mjusi chui (Eublepharis macularius), nyuzi 26 hadi 28 huleta karibu majike watupu, nyuzi 32 hadi 33 huleta madume kwa wingi, na joto likizidi hapo majike hurudi. Kwa kobe wa Testudo mambo yako wazi zaidi: chini ya nyuzi 30 hutoka madume wengi, na juu ya nyuzi 32 au 33 hutoka majike wengi. Kipindi kinachoamua ni takriban theluthi ya katikati ya muda wote, hivyo kubadili joto mwishoni hakubadilishi jinsia. Nyoka wa kufugwa hawamo katika mkumbo huu. Jinsia yao huamuliwa na kromosomu. Mjusi ndevu yuko katikati: ana kromosomu za jinsia, lakini joto likipita nyuzi 32 baadhi ya viinitete (watoto wanaokua ndani ya yai) vya kiume hugeuka kuwa majike, na mwaka 2015 watafiti nchini Australia walitangaza kwamba wamewakuta majike wa namna hiyo porini.

Nashauri mfugaji anayeanza alenge katikati ya kiwango kinachokubalika na asikimbilie kwenye kingo kwa ajili ya kupata jinsia fulani. Karibu na kingo za juu, kosa dogo la kidhibiti joto huzaa watoto wenye mikia iliyopinda, macho yenye kasoro au viinitete vilivyokufa, na muda mfupi wa kutotoa haulingani na hasara hiyo.

Hatua ya tano: Andaa visanduku na matandiko

Kisanduku cha plastiki chenye mfuniko, cha kuhifadhia chakula, kinafaa kabisa. Toboa matundu mawili hadi manne madogo ubavuni, karibu na ukingo wa juu. Matandiko yanayotumiwa zaidi ni vamikulaiti na perlaiti, madini mepesi yanayoshika maji bila kuoza. Udongo wa bustani na mbolea ya majani huleta ukungu na wadudu, kwa hiyo viepukwe.

Kwa vamikulaiti, changanya na maji kwa uzito ulio sawa: gramu 200 za matandiko makavu kwa gramu 200 za maji, ambazo ni sawa na mililita 200. Koroga kwa mkono hadi rangi iwe moja, kisha chukua konzi moja ulifinye kwa nguvu. Likishikamana na kuacha tone moja au mawili tu kati ya vidole, limefaa. Likitiririsha maji, ongeza matandiko makavu. Likimomonyoka mara tu unapofumbua mkono, ongeza maji kidogo. Jaribio hili la mkono ni bora kuliko kipimo chochote cha kunakili, kwa sababu ukubwa wa chembe za vamikulaiti hutofautiana kati ya mfuko na mfuko. Kwa mayai ya kobe yenye ganda gumu kama la kuku, punguza maji hadi karibu nusu ya uzito wa matandiko. Ganda hilo hupasuka yai likifyonza maji kupita kiasi. Kwa chatu, wafugaji wengi huweka mayai juu ya wavu wa plastiki uliosimamishwa juu ya maji au juu ya perlaiti iliyolowa sana, ili mayai yapate hewa yenye unyevu mwingi bila kuguswa na maji yenyewe. Ni njia safi, nami naipendelea kwa mayai yote yanayohitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 90.

Kisanduku kikiwa tayari, kiweke ndani ya mashine siku moja kabla, ili matandiko yafikie joto linalotakiwa.

Hatua ya sita: Hamisha mayai bila kuyageuza

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya yai la ndege na yai la reptilia. Katika yai la kuku kuna nyuzi za ute zinazokishikilia kiini kikae sawa hata yai likizungushwa. Yai la reptilia halina nyuzi hizo. Ndani ya siku moja au mbili tangu kutagwa, kiinitete hujishikiza upande wa juu wa ganda na utando wake wa kupumulia huanza kutandaa hapo. Yai likipinduliwa baada ya hapo, kiinitete huweza kuzama chini ya uzito wa kiini au utando huo ukachanika, na kifo hakionekani kwa nje hadi wiki kadhaa baadaye.

Msubiri jike amalize kutaga na kufukia, umwondoe kwa upole, unawe mikono, kisha uondoe mchanga kwa vidole au kwa brashi laini, tabaka kwa tabaka. Yai la kwanza linapochungulia, liache lilivyo. Chukua penseli laini, uweke kitone kidogo juu kabisa ya ganda huku yai likiwa bado kwenye tundu. Usitumie kalamu ya wino, kwa kuwa ganda linapumua na wino hupenya. Ukishaweka alama, ingiza kijiko chini ya yai, ulinyanyue likiwa na kitone kilekile juu, na ulishushe kwenye kishimo ulichobonyeza kwa kidole gumba katika matandiko, lizame hadi nusu. Acha upana wa kidole kati ya yai na yai. Ikiwa yai limebingirika kwa bahati mbaya katika saa chache za mwanzo, kwa kawaida halijadhurika. Lirudishe kadiri unavyokumbuka na uendelee.

Mayai ya chatu, na mara nyingi ya nyoka wengine, hugandamana na kuwa fungu. Yakiwa bado na umajimaji huachana kwa urahisi, lakini yakishakauka usiyabandue. Yatotoleshe kama fungu moja. Baadhi ya mijusi-kafiri hubandika mayai ukutani au kwenye gogo, na hayo hayabanduki bila kupasuka, hivyo yafunike mahali palepale kwa kikombe cha plastiki chenye matundu ili wazazi wasile watoto watakapotoka.

Andika kwenye mfuniko tarehe, spishi, jina au namba ya jike na idadi ya mayai. Kisha pima uzito wa kisanduku kizima kikiwa na kila kitu ndani na uandike namba hiyo pia. Namba hiyo itakusaidia kuliko vyote wiki zijazo.

Hatua ya saba: Kagua mara chache, kwa utaratibu

Joto lisomwe kila siku kutoka nje, bila kufungua. Kisanduku chenyewe kifunguliwe mara moja kwa wiki, kwa nusu dakika hivi, ili hewa ibadilike na uone hali ya mayai. Katika wiki mbili za mwisho fungua mara mbili kwa wiki, kwa sababu viinitete vikubwa hutumia oksijeni nyingi zaidi. Kila baada ya wiki mbili pima uzito wa kisanduku. Uzito uliopungua ni maji yaliyopotea hewani, maana maji yaliyonyonywa na mayai bado yamo ndani ya kisanduku. Kikiwa kimepungua gramu 15, rudisha mililita 15 za maji ya uvuguvugu, ukiyamimina pembeni kabisa, mbali na mayai. Kwa njia hii hakuna kubahatisha, na hakuna haja ya chupa ya kunyunyizia. Matone yakijikusanya kwenye mfuniko na kudondoka juu ya mayai, inamisha kisanduku kidogo ili yatiririke upande mmoja, au ongeza tundu moja.

Kumulika yai kwa tochi ndogo yenye mwanga baridi, katika chumba chenye giza, huonyesha kama lina uhai. Baada ya wiki moja, yai lenye mbegu huonyesha wekundu na mishipa myembamba ya damu inayotandaa kutoka sehemu moja. Lisilo na mbegu huonyesha umanjano mtupu. Gusisha tochi ubavuni mwa yai likiwa palepale lilipolala, bila kulinyanyua. Fanya hivyo siku ya saba hadi ya kumi, na mara moja tena katikati ya safari ikiwa una shaka. Kwa kobe kuna dalili isiyohitaji tochi: doa jeupe kama chokaa hujitokeza juu ya ganda na kupanuka hadi kulizunguka yai.

Mambo yanayotisha na namna ya kuyashughulikia

Yai lenye ganda laini huvimba kadiri linavyofyonza maji, na linaweza kukaribia mara mbili ya ukubwa wake wa mwanzo. Likibonyea mapema, ndani ya wiki za mwanzo, tatizo mara nyingi ni ukavu. Rudisha maji yaliyopotea na litajaa tena katika siku mbili tatu. Likibonyea katika wiki ya mwisho, usifanye chochote, kwa sababu hiyo ni dalili ya kawaida kwamba mtoto anakaribia kutoka.

Ukungu huanza kwenye mayai yaliyokufa au yasiyo na mbegu. Yai viza hugeuka manjano, hulegea, huota manyoya ya kijivu au ya kijani na hatimaye hunuka. Kama limekaa peke yake, litoe. Kama limegandamana na mazima, liache. Yai lililo hai lina uwezo mkubwa wa kujilinda, na hatari ya kulichana ni kubwa kuliko hatari ya ukungu wa jirani. Ukungu mdogo juu ya yai linaloonyesha mishipa ufutwe kwa pamba kavu, kisha uongeze hewa. Usilitupe yai kwa rangi yake peke yake, maana mayai mengi yaliyokunjamana, yenye madoa, yameangua watoto wazima.

Umeme ukikatika, funika kasha kwa mablanketi na usilifungue. Viinitete huvumilia ubaridi wa saa kadhaa kwa kuchelewesha tu siku ya kuanguliwa. Joto kali ndilo lisilosamehe, na saa chache juu ya nyuzi 36 zinaweza kuua mkupuo mzima wa spishi nyingi. Kwa hiyo usijaribu kufidia ubaridi kwa kuongeza moto, na usiweke maji ya moto karibu na mayai.

Hatua ya nane: Kuanguliwa

Siku moja au mbili kabla, mayai ya mijusi wengi hutoa matone ya jasho juu ya ganda na kulegea. Kisha utaona mpasuko mwembamba ulionyooka, kama uliokatwa kwa wembe, na ute mzito ukichuruzika pembeni yake. Mpasuko huo hukatwa na jino maalumu lililo mbele ya taya la juu, ambalo hudondoka muda mfupi baadaye. Pua hujitokeza, mtoto huvuta pumzi ya kwanza, na mara nyingi hurudi ndani na kutulia. Anaweza kukaa hivyo saa 24 hadi 48, akiwa anafyonza kiini kilichobaki kupitia kitovu na kufunga mishipa ya damu iliyo kwenye ganda. Kumvuta nje katika saa hizo ni kumchana mishipa hiyo, na hutoka damu hadi akafa. Funga mfuniko na uondoke.

Ndugu zake wa mkupuo mmoja kwa kawaida hufuata ndani ya siku mbili tatu. Wako wafugaji wa chatu wanaokata mayai yaliyobaki kwa mkasi mara tu la kwanza linapopasuka. Siungi mkono desturi hiyo kwa anayeanza. Aliyeshindwa kutoboa ganda mara nyingi ana kasoro ambayo mkasi hauiondoi, na wazima wengi wamekatwa wakiwa hawajawa tayari.

Hatua ya tisa: Siku za mwanzo za watoto

Mtoto akitoka akiwa na mfuko wa kiini unaoning'inia, mwache ndani ya mashine juu ya karatasi laini iliyolowa maji safi hadi mfuko ufyonzwe, jambo linaloweza kuchukua siku moja hadi kadhaa. Usiukate wala usiufunge. Kobe hasa wahitaji uangalifu hapa, kwa sababu mfuko ukipasuka maambukizi huingia moja kwa moja tumboni. Waliokwisha kufunga kitovu wahamishiwe kwenye vyombo vidogo vyenye karatasi badala ya mchanga, maji ya kina kifupi na sehemu ya joto upande mmoja.

Usiwalazimishe kula siku ya kwanza. Mjusi chui hujivua ngozi ndani ya siku moja na huanza kula baada ya siku tatu au nne. Mjusi ndevu huanza siku ya pili au ya tatu. Nyoka husubiri hadi ajivue ngozi kwa mara ya kwanza, kati ya siku 7 na 14. Wadudu wa kuwalisha wasizidi upana wa nafasi kati ya macho ya mtoto.

Vyombo vyote vya kazi hii vitengwe na vya jikoni, na visioshwe kwenye sinki la vyakula. Reptilia wenye afya hubeba bakteria wa Salmonella bila kuugua, na watoto wadogo wa binadamu ndio huathirika zaidi. Ni kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wa kufugwa wenye gamba lisilofika takriban sentimita 10. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa mayai, watoto au matandiko.

Mayai yatakayobaki baada ya wenzake kuanguliwa yapewe wiki mbili zaidi kwa mijusi na nyoka, na zaidi ya hapo kwa vinyonga na kobe, mradi hayanuki na hayajabonyea kabisa. Yakithibitika kuwa yamekufa, yafungue nje ya nyumba ukiwa umevaa glovu na uandike ulichokikuta. Kiini kitupu humaanisha yai halikuwa na mbegu, au kiinitete kilikufa mapema mno kuweza kuonekana; kiinitete kidogo sana humaanisha kosa la wiki za mwanzo, mara nyingi kugeuzwa au joto kupanda; mtoto aliyekamilika lakini hakutoboa ganda humaanisha ukosefu wa hewa, unyevu usiofaa au kasoro ya mwili. Linganisha maelezo hayo na daftari lako la joto na uzito kabla ya kuwasha mashine kwa ajili ya mkupuo unaofuata.